Nilivyolala Mlangoni pa Mnyamwezi, Mombasa

Tangu nirudi sijanywa kahawa yangu kwa raha. Kila nikikaa pale Maili Moja, mmoja ananivuta shati: "Pazi, ni kweli ulikunjwa kanzu msibani kwa watu?" Mwingine anataka kujua kama Mombasa kuna mabinti. Nimechoka kusimulia kipande kipande, kila mtu na kipande chake, kesho nakutana na habari zangu mwenyewe huko sokoni zimeota mkia. Basi nimeandika. Someni, kisha mniache.

Mimi nimesoma darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini barua zangu naandika mwenyewe, hakuna karani aliyewahi kunishikia kalamu. Atakayeona herufi imekosewa anyamaze. Wapo hapa watu wenye herufi zao zote na hawana hata baiskeli.

Mambo ya vibali na karatasi za safari nayaruka. Yalinichosha yakitendeka, sitayarudia kwa wino.

Maili Moja: chokaa kwenye paji la uso

Binti yangu Zuhura mnamjua. Yuko chuoni, mwaka wa mwisho. Mwalimu wao, Ndugu Lameck, alipanga kuwapeleka wanafunzi saba Mombasa wakachunguze mji wa kale, na kila mmoja akapewa kitu chake cha kuandika. Huyu misikiti, huyu milango ya nakshi, huyu mapishi. Zuhura akapewa nyumba moja tu, inaitwa Nyumba ya Wapagazi. Ndiko walikolala zamani wabeba mizigo wa misafara wakifika pwani. Wanafunzi wa mwaka uliopita walikwenda mpaka mlangoni wakarudi, maana mwenyewe hafungui. Mwalimu akamwambia binti yangu hivi: usipoingia huna cha kuandika, na usipoandika humalizi chuo.

Zuhura alinieleza hayo akiwa anachambua mchele, hakuinua uso. Mimi mwanangu namjua. Akitaka kulia huchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Tena lori la chuo lilikuwa juu ya mawe, halina matairi. Wanatafuta gari la kuwafikisha Mombasa na kuwarudisha. Sasa niambieni, kuanzia Kibaha hadi Kisarawe yote, ni gari la nani lingefika? Mnajua. Msijifanye hamjui.

Lakini pakawa na jambo. Katika karatasi za chuo Zuhura aliandika kwamba baba yake ni mkulima. Siku hizi mwenye gari lake anaitwa mnyonyaji, eti ana mirija. Akaniambia, "Baba, wakijua gari ni lako watanisimamisha mkutanoni, wanijadili mpaka nife."

Mimi mnyonyaji! Mimi niliyebeba mkaa kutoka Msimbu kwa baiskeli isiyo na breki, nikishuka mlima nafunga breki kwa kisigino. Nikawa utingo, nikawa dereva wa watu, nikanunua gari lisilo na injini, nikalitafutia injini kama mtu anavyomtafutia mwanawe mchumba. Nimemnyonya nani? Labda kisigino changu. Nilitaka kugomba, lakini nikaukumbuka ule mchele. Nikasema haya. Mimi nitakuwa dereva tu. Mwenye gari ni mzee mmoja, mgonjwa, yuko kitandani Msimbu. Na binti hanijui, simjui.

Likabaki paji la uso la gari, lile mlilolizoea, JASHO LANGU kwa herufi nyekundu. Nikachukua ndoo ya chokaa nikalipaka. Niliona kama nampaka mtoto wangu majivu.

Asubuhi Mwalimu Lameck akaja na wanafunzi wake. Kijana wa miaka thelathini hivi, miwani, begi la ngozi, amesoma ng'ambo. Nilingoja shikamoo, ikanipita kama basi lililojaa. Alichosema ni, "Dereva, gari limekaguliwa?"

Nikasema limekaguliwa. Siku tisa bila kujisifu zikaanza hapo. Sijapata kufanya kazi ngumu zaidi ya hiyo.

Chalinze hadi Mkata: mirija

Mwalimu alikaa mbele nami. Wanafunzi wakakaa nyuma kwenye mabenchi, Zuhura karibu na kile kidirisha cha nyuma ya kichwa changu. Tulipovuka Ruvu, Mwalimu akaanza kunifungua macho.

"Dereva, mwenye gari hili anakulipa vizuri?"

"Hanilipi kitu, mwalimu."

"Hakulipi!" Akageuka mwili mzima. "Unaona sasa? Ndiyo mirija yenyewe hiyo. Unaishije?"

"Nakula kwake."

"Makombo!"

"Hapana, mkewe ananipikia vizuri."

"Na kulala unalala wapi?"

"Kwake humo humo. Mkewe ndiye anayetandika."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuniuliza jambo jingine mpaka daraja la Wami. Nyuma ya kidirisha nilisikia mtu anakohoa, anakohoa, kama amepaliwa na mwiba. Wenzake wakampiga mgongoni wakimwambia, "Zuhura, kunywa maji."

Mkata ikakatika boliti ya springi. Hilo si kosa la gari, ni barabara. Fundi mwingine angewalaza pale siku mbili. Mimi niliingia chini, nikatoka na boliti mkononi, nikachonga nyingine kutoka kwenye nondo niliyoomba kwa mama mmoja aliyekuwa anaitumia kufukuzia mbuzi. Ilichukua saa nne. Mwalimu alisimama kivulini akitazama saa, kama kwamba saa ikitazamwa itageuka boliti.

Njaa ikawashika. Wasomi hawa walikuja na makopo ya samaki na hakuna aliyebeba kitu cha kuyafungulia. Mtu saba, vyeti vyote hivyo, mnazunguka kopo! Kando ya barabara alikuwapo mama mwenye mihogo ya kuchoma na pilipili. Yule mwanafunzi wa mapishi akamwendea na daftari.

"Mama, chakula hiki kina historia gani?"

"Historia yake njaa," mama akasema. "Unanunua hununui?"

Kijana akaandika.

Tanga na Horohoro: nani kafa?

Muheza tulikula machungwa mpaka midomo ikawasha. Tanga tukalala. Kulipopambazuka mvua ikaanza, si ya mchezo, na njia ya Horohoro mnaijua ilivyo, udongo mtupu. Nikiwa naendesha nikaona kwenye kioo maji meupe yanashuka kama uji. Chokaa! Nikasimama, nikaruka nje. Herufi ya kwanza imeshatoa kichwa. Nikafunga gunia juu ya paji lile kwa kamba ya mkonge.

Mwalimu akachungulia. "Mbona umelifunga kilemba?"

"Maji yasiingie, mwalimu."

"Yasiingie wapi?"

"Ndani," nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa mambo ya magari.

Upande wa pili wa mpaka akatupokea askari mmoja mnene. Akakiona kinasa sauti cha Mwalimu na sura yake ikabadilika.

"Hii ni nini?"

"Ni chombo cha utafiti. Tunakwenda kuchunguza urithi wa mji wa Mombasa."

"Urithi? Kwani nani kafa?"

Mwalimu akaanza kumweleza. Alieleza tangu mvua iko nyingi hadi mvua ikaisha. Kila akieleza askari anazidi kukunja uso, kila neno kubwa linazaa swali. Mara sisi ni wapelelezi, mara ni waandishi wa magazeti. Zaidi ya nusu siku tumekaa pale kwenye benchi la mbao, na Zuhura anahesabu siku zake zinavyopungua. Mwishowe nikamfuata askari, nikamwamkia, akaniitikia vizuri.

"Mkubwa, hawa wanakwenda kutazama milango."

"Milango ipi?"

"Ya nyumba za watu."

"Kutazama tu?"

"Kutazama, na kupima kwa futi."

Akawatazama mmoja mmoja, kwa huruma. "Basi wapite, masikini."

Mombasa: mzee wa dirishani

Mombasa tulivuka kwa feri ya Likoni tukafikia kwenye shule moja, tukalala madarasani. Nawapa haki yao watu wa kule kwa kitu kimoja, mahamri na mbaazi. Nilikula asubuhi, nikarudi tena baada ya muda mfupi nikajifanya sikuwahi kufika. Mengine yote ni maringo. Vichochoro vyembamba hata lori langu lingekwama masikio, na kila mtu anakuambia babu yake alikuwa nani kabla hajakuambia bei ya ndizi.

Wanafunzi wakaanza kazi. Nimeona mtu mzima amepiga magoti anapima bawaba, anaandika, anapima tena kama kwamba bawaba imekua. Wenye nyumba walitoka wakawaangalia, wengine wakaleta viti.

Nyumba ya Zuhura ilikuwa mwisho wa kichochoro. Haikuwa na nakshi. Mlango wa mbao nene, umenyooka, na kizingiti kirefu kimelika katikati kama mgongo wa punda. Mpwa wa mwenye nyumba, anaitwa Swaleh, aliwafungulia nafasi ya kutoa pua tu.

"Mjomba ni mgonjwa, hataki watu," akasema. "Nyinyi mwaja na makaratasi, mwaenda na makaratasi, nyumba yabaki ile ile."

Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu nikaenda nao, mimi na Mwalimu na Zuhura, nikasema na yule kijana kwa sauti yangu hii mnayoijua. Mara dirisha la juu likafunguka. Sikumwona mtu, niliona mkono mkavu umeshika ubao wa dirisha.

"Swaleh! Ni nani huyo mwenye sauti kama ngoma?"

"Ni dereva wao, mjomba. Watoka Tanzania."

"Tanzania kubwa. Yeye wa wapi?"

Nikajibu mwenyewe. "Shikamoo mzee. Mimi natoka Kisarawe, kwetu ni Msimbu."

Akauliza, "Mzaramo?"

"Mzaramo hasa."

"Mzaramo!" Sauti ikapanda, na kikohozi juu yake. "Nani kakufungua kamba wewe? Nyumba yangu haiingii miguu ya kucheza ngoma, itanivunjia sakafu! Ondoka mlangoni kwangu, mwizi mkubwa wa kuku!"

Watu wa kichochoro wote wakageuka. Mzee akaendelea.

"Nimesema ondoka! Ama hata mdomo huna?"

Mimi si mtu wa kutukanwa mbele ya watu. Kama si umri wake na ugonjwa wake ningemjibu mpaka dirisha lidondoke. Nikamwambia Mwalimu, "Twendeni. Huyu mzee hana adabu." Nikampa mgongo. Nilipofika kona nilimsikia bado anaita huko juu, safari hii polepole, "Mzaramo gani huyu asiyejibu?"

Mwalimu aliandika palepale akitembea. Alinisomea: mwenyeji hakutoa ushirikiano, ana chuki za kikabila. Alikuwa ameridhika kabisa, kama mvuvi aliyepata japo kiatu.

Zuhura alikaa kwenye ngazi ya shule. Alitoa karatasi zake kwenye bahasha, akazipanga, akazitoa tena, akazipanga. Hakulia. Nilipita nikiwa na ndoo ya maji ya rejeta, akaniambia bila kuniangalia, "Dereva, si kosa lako." Neno hilo dereva nilikuwa nimelizoea siku zote. Siku hiyo liliniuma kisogoni.

Mombasa: mlangoni

Kesho yake asubuhi ikatangazwa msikitini kwamba yule mzee amefariki. Jina lake Mzee Kasanda.

Mwalimu akasema, "Twendeni msibani, tutajifunza taratibu za maziko." Akabeba kinasa sauti. Nikamwambia akiingia nacho mimi simjui. Akakiacha, akabeba daftari. Zuhura alijitanda kanga, akaingia ndani na wanawake. Basi tazameni mambo: mlango ule umemfungukia, ila kwa msiba. Hakuwa na kalamu wala karatasi, na nilijua kwamba huko ndani hatageuza hata shingo kuangalia ukuta. Nilimlea mimi.

Sisi wanaume tulikaa kichochoroni kwenye mikeka. Pembeni yangu alikaa mtu mzima mmoja wa mtaa ule, ananielezea habari za marehemu kama wanavyopenda kule, kuanzia kwa babu. Akasema, "Baba yake alikuja na pembe begani kutoka Unyanyembe. Alikuwa mkubwa wa wapagazi. Nyumba hii aliijenga yeye."

"Kwa hiyo marehemu ni Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, na hakukubali kuitwa kitu kingine hadi leo. Sisi humuona kama mtu wa ajabu kidogo."

Jamani. Mgongo wangu ulipoa kama nimemwagiwa maji ya kisima.

Nyinyi hamhitaji kuelezwa, lakini huenda karatasi hii ikamfikia mtu wa aina ya Mwalimu. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu wakati wa misafara. Tukionana tunatukanana, na mmoja akifa mwenzake anakwenda msibani kuleta vurugu, anazuia maiti, anamsema, na hakuna wa kukasirika. Asipofika mtani, maziko yamepwaya. Mombasa wamesahau, au hawakuwahi kujua. Yule mzee aliishi maisha yake yote kati ya watu wasiomtukana. Siku moja anasikia chini ya dirisha sauti ya Mzaramo. Akanitupia mpira. Akaniita mwizi wa kuku, akaningoja, akaniuliza kama mdomo sina. Na mimi, mimi Pazi, mtoto wa Msimbu niliyezika watani nisiowahesabu, nikasema hana adabu, nikampa mgongo. Siku nyingine zote katika safari hii niliwacheka wengine. Hapo mjinga alikuwa mmoja, na hakuvaa miwani.

Jeneza likaanza kutoka. Walikuwa wanalileta ukumbini, wamekaribia kizingiti. Sikufikiri. Nilivua viatu, nikapita katikati ya watu, nikalala chali juu ya kizingiti kile kilicholika, mikono nimeshika miimo.

"Hatoki!" nikasema. "Hatoki mtu hapa! Huyu Mnyamwezi baba yake alikuja pwani kubeba mizigo, leo yeye anabebwa ana nini? Ana miguu, ashuke atembee! Mvivu mkubwa! Au amejiona pembe ya ndovu?"

Msiniulize kelele zilizopigwa. Mmoja alisema, "Mwendawazimu!" Mwingine, "Atukana maiti!" Swaleh akaja mbio, akanikunja kanzu shingoni, macho mekundu kwa kilio.

"Nani kamleta huyu? Ni wenu huyu?"

Mwalimu alikuwa karibu. Nilimwona viatu vyake vinarudi nyuma. "Ni dereva tu," akasema. "Sisi hatuhusiki naye."

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya jeneza, kutoka kwa wanawake. "Mwacheni! Ni baba yangu!"

Zuhura alikuwa amesimama na kanga imemdondoka begani. Akasema tena, taratibu, akimwangalia Mwalimu na si Swaleh, "Huyo ni baba yangu mzazi."

Mara akauliza mtu mmoja kutoka chumbani ndani. Alikuwa mke wa marehemu, Bi Aziza.

"Swaleh, mwache. Wewe ulolala hapo, watoka wapi?"

"Kisarawe, bibi."

Nikasikia anacheka. Kicheko cha mtu anayelia, vyote viwili kwa pamoja, hadi wanawake wakamshika. "Ndiye," akasema. "Ndiye wa dirishani. Kutwa nzima jana aniambia, yule Mzaramo atarudi, hawezi kulala na tusi tumboni. Kila mlango ukigongwa aniuliza, ndiye?"

"Nimechelewa, bibi," nikasema.

"Hukuchelewa. Yuko papo hapo. Mtukane, akusikie."

Basi nikamtukana. Nilimwambia alinikimbia kwa sababu anaogopa kujibiwa. Nilimwambia nyumba yake inanuka jasho la wapagazi na mimi sakafu yake nitaivunja kwa ngoma kama alivyoogopa. Nilimwambia kuku wake ninao. Mtu mmoja mzee aliyeshika mguu wa jeneza akaficha uso kwenye mkono wa kanzu, mabega yanatikisika, na huyo si kwamba alikuwa analia. Nilipomaliza, nikasimama, nikajifuta vumbi.

"Haya," nikasema, "kwa kuwa amekataa kutembea, nipeni bega langu."

Nikambeba. Mzaramo kambeba Mnyamwezi mpaka makaburini. Swaleh alikuwa mbele yangu. Njiani alinyoosha mkono nyuma, akaninyooshea ile shingo ya kanzu aliyoikunja.

Mombasa: eda

Siku iliyofuata Swaleh alikuja shuleni akasema Bi Aziza anamwita binti wa Mzaramo. Mwalimu akasimama haraka, kamera shingoni.

"Yeye peke yake," Swaleh akasema. "Mke wa mjomba yu edani. Mwanamume haingii."

Mwalimu akasema yeye ni mkuu wa msafara. Swaleh akamwambia hata angekuwa mkuu wa mkoa. Siku mbili nzima msomi wetu alikaa nje kwenye baraza ya nyumba ile, na kamera yake, akimtuma mwanafunzi wake maswali kupitia kwa mtoto wa jirani, na majibu hayatoki. Nilipita pale mara nyingi kuliko nilivyokuwa na haja.

Zuhura aliingia mpaka chumba cha nyuma. Aliniambia mna baraza la udongo linalozunguka kuta zote, ndipo walipolala, na ukutani juu yake mistari ya mkaa, kila aliyefika salama alichora wake. Mkubwa wao alichora kitu kama ndege tai, kirefu kuliko vyote. Bi Aziza alimsimulia kila kitu, akamwonyesha njuga alizovaa mkubwa wa msafara, akazitikisa. Zuhura aliandika daftari mbili. Nikamwuliza amepima nini. Akasema hakupima kitu.

Siku ya kuondoka Bi Aziza alinitumia salamu kupitia kwake: arobaini niwepo, na nisije na adabu.

Kurudi: Ruvu

Kurudi, Zuhura alikaa mbele, kati yangu na Mwalimu. Hakuomba ruhusa. Mwalimu hakuniambia kitu juu ya mirija, hakuniambia kitu juu ya chochote. Pale Horohoro askari yule mnene aliuliza kama milango ilikuwa mizima, akatupitisha. Kuanzia Tanga Mwalimu aliomba zile daftari mbili, akazisoma hadi Segera, akarudia kuzisoma hadi Chalinze, na mimi nikajifanya natazama barabara tu. Zuhura alikuwa amekunja vidole. Mambo yote mawili yalikuwa mikononi mwa kijana yule, kazi ya binti yangu, na ile karatasi ya chuo yenye neno mkulima.

Ruvu nikasimama tutie maji kwenye rejeta. Niliposhuka ndipo nilipoona kwamba gunia halipo. Huenda limebaki Wami, huenda limebaki Kenya. Na ile mvua ya kwenda na ile ya kurudi zilikuwa zimefanya kazi safi. Chokaa hakuna hata tone. JASHO LANGU, nyekundu, inang'aa.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya gari, anasoma. Yamesomwa maneno mengi katika safari ile, lakini hakuna yaliyosomwa polepole kama hayo mawili. Zuhura alikuwa ndani, anamwangalia kwa kioo cha mbele.

"Dereva," akasema. Akakatisha. "Yule mzee mwenye gari. Mgonjwa wa Msimbu. Anaendeleaje?"

Nikafunga kifuniko cha rejeta.

"Amefariki, mwalimu. Tumemzika Mombasa."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mwalimu na daftari lake lilikuwa limefunguliwa. Akamtazama Zuhura, akatazama zile herufi, kisha akafunga daftari na kulirudisha kwenye begi la ngozi.

"Nyumba ya Wapagazi imeandikwa vizuri," akasema. "Sina cha kuongeza." Akasogea, akajikohoza. "Shikamoo, mzee."

Siku tisa! Nilitaka nimpe mgongo kidogo, naye aonje. Mgongo wangu ulikwisha anza kugeuka. Kisha nikalikumbuka dirisha, na ule mkono mkavu juu ya ubao.

"Marahaba," nikasema, nikawasha gari langu.